Nilimweleza Kila Mtu Maana ya "Soon", Ng'ombe Wakaondoka

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kumtafuta mchawi, maana kwetu Songea mama yangu ameshaanza kumtafuta. Hakuna mchawi, mama. Ni mimi, mdomo wangu na simu yangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huku Hanang, upande wa Mogitu. Huu ni mwaka wa nne tangu nipangiwe kazi huku. Nimeuzoea upepo, nimelizoea vumbi, na nimempata binti. Jina lake halisi silitaji, tumwite Veronika. Ni muuguzi wa zahanati, na baba yake ni mfugaji wa kule chini tambarare. Mzee yule hana simu wala saa, na hajawahi kuchelewa jambo lolote maishani mwake.

Sasa sikilizeni ugonjwa wangu. Nilipokuwa chuo, mhadhiri mmoja alitusimulia historia ya neno la Kiingereza "soon". Leo tunalifundisha kwa maana ya punde, au hivi karibuni. Lakini zamani sana, Waingereza wa kale walikuwa na neno lao "sona", na maana yake ilikuwa papo hapo. Mtu akisema anakuja sona, ujue ameshavaa viatu. Halafu watu wakaanza kusema sona huku wamekaa. Leo huyu, kesho yule, mpaka neno likachakaa, likawa "baadaye kidogo". Yaani uvivu wa watu umeingia mpaka kwenye kamusi!

Jamani, nililipenda neno hilo kupita kiasi. Nimelieleza darasani, nimelieleza kwenye foleni ya benki kule Katesh, nimelieleza hata msibani, Mungu anisamehe. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Sooni. Nilidhani ni kwa ajili ya elimu yangu. Veronika ndiye aliyenifungua macho: ni kwa sababu kila ninapoitwa najibu "nakuja sooni", na siji.

Mwezi wa sita mzee akakubali kunisikiliza. Furaha yangu! Ila alikuwa na sharti moja. Katika boma lake, habari ya kumwoa binti husemwa zizini, ng'ombe wakiwa ndani. "Mtu atatajaje ng'ombe mbele ya zizi tupu?" ndivyo alivyomwambia Veronika. Na Jumamosi tuliyopewa ndiyo ilikuwa siku ya kuhamisha mifugo kwenda malisho ya mbali, kwa sababu majani ya karibu yalikuwa yamekwisha. Wakitoka siku hiyo, hawarudi mpaka mvua.

Veronika alinieleza yote Ijumaa mchana, amenishika mkono kama mtu anayempa mgonjwa maelekezo ya dawa.

"Kabla miiba ya mlango wa zizi haijatolewa. Umesikia? Baba amekubali kwa sababu nimemwambia wewe ni mtu wa kuaminika. Ni mimi nimesema, siyo mtu mwingine. Usiniaibishe."

"Nitakuja sona," nikamjibu. "Ile ya zamani."

Hakucheka. Ningekuwa na akili ningeanzia hapo kuogopa.

Mshenga wangu alikuwa Bwana Afya wa kata, mtu mzima kutoka Kondoa, mwenye pikipiki na adabu zake. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na robo, alishafika nje kwangu. Koti kalifunga mpaka shingoni, ndoo ya asali kaifunga nyuma kwa mpira. Asali ndiyo ya kufungulia mazungumzo na wazee.

Na mimi nilishavaa! Naapa nilishavaa! Suruali yangu nzuri, imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka ina mistari ya kukata vidole. Ilibaki soksi moja tu. Simu ikalia.

Lilikuwa kundi letu la walimu. Mwalimu wa Historia, ambaye ana jambo na mimi tangu siku niliposahihisha tangazo lake ubaoni, alikuwa ameandika hivi: "Soon ni soon. Haijawahi kuwa na maana nyingine. Hizo sona mwenzetu ameziota." Na watu saba walikuwa wameshaweka vicheko.

Saba! Nikakaa kitandani, soksi mkononi.

"Mwalimu, twende!" Bwana Afya akaita.

"Nakuja sooni, mzee wangu!"

Nikaanza kuandika. Nikaanza na Waingereza wa kale, nikaja karne kwa karne. Nikaongeza "presently" na "anon", maana nayo yalianza kwa papo hapo yakaishia kwenye kusubiri. Nikaweka hata mfano wa shuleni: wapishi wakisema chakula sasa hivi, nani huwa anainuka? Ulikuwa ujumbe mzuri. Mpaka leo nasema ulikuwa ujumbe mzuri.

"Mwalimu, jua hilo!"

"Sooni!"

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," akasema Bwana Afya kwa sauti ya chini. Nilimsikia. Nikafuta mstari mmoja, nikauandika upya vizuri zaidi.

Nilipobonyeza kutuma, haukwenda. Bando limekwisha.

Mtu mwenye akili angeweka simu mfukoni, akapanda pikipiki. Mimi nilipanda, lakini tulipofika dukani njiani nikamgonga Bwana Afya begani. Dakika moja tu, mzee wangu, nanunua bando. Alisimama. Injini hakuizima.

Duka lilikuwa limefungwa. Nikapiga hodi, mama mwenye duka akaitikia kutoka uani, "Nakuja sasa hivi!"

Nilisimama pale mpaka miguu ikabadilishana zamu. Alipotokea alikuwa ameshakamua ng'ombe, ameshachemsha maziwa, na amejifunga kitenge kingine. Akaniuliza kuna nini cha haraka hivyo asubuhi yote hii. Na mimi, badala ya kusema naomba bando, nikamweleza. Nikamweleza lote, mama wa watu amesimama na chenji mkononi.

Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwalimu, neno lilikuwa zima, likaja kuharibiwa na watu wa namna yako."

Nikacheka! Mjinga mimi, nilicheka nikidhani ananitania. Ujumbe ukaenda, tukaondoka. Nilikuwa na amani moyoni kama mtu aliyetoka kulipa kodi.

Kutoka barabarani hadi kwenye boma ni mwendo wa nusu saa juu ya ile njia ya vumbi. Katikati ya safari tuliliona vumbi jingine upande wa mbali, limesimama refu juu ya tambarare. Bwana Afya akapunguza mwendo.

"Lile si gari," akasema.

Tulikuta zizi wazi. Miiba imevutwa pembeni, samadi bado ina unyevu, na katikati kuna mbwa mmoja anayejikuna. Nje ya lango amesimama Veronika, amevaa gauni lake la sherehe. Alikuwa ameficha mikono nyuma.

"Nimeomba," akasema. "Baba amesubiri. Yeye, mtu ambaye hasubiri. Jua limepanda, ndama wameanza kulia, kaka zangu wakaja kufungua. Nikashika miiba."

Akaileta mikono mbele. Viganja vyote vilikuwa vimechanika.

Ndugu msomaji, hapo utani wote uliniisha. Mtu ameshika lango la miiba kwa mikono yake mitupu kwa ajili yangu, na mimi wakati ule nilikuwa dukani namwelezea mama muuza sabuni habari za Waingereza wa kale! Nilitamani ardhi ipasuke, nami niingie na simu yangu.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Nikainyakua ndoo ya asali kwenye pikipiki, nikakimbia kulifuata lile vumbi.

Nilikimbia na viatu vya ngozi kwenye mashimo ya kwato. Ndoo ilikuwa inanigonga gotini, mfuniko ukalegea, asali ikaanza kunitiririkia mguuni. Nzi walifika kwanza, nyuki wakafuata. Nilipolifikia kundi nilikuwa narusha mguu kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua, na vijana wawili wa mbele waliketi kabisa chini kwa kucheka.

Mzee alikuwa nyuma ya kundi, na fimbo yake mabegani. Hakugeuka wala hakupunguza mwendo.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mwalimu. Unakwenda wapi na asali?"

"Nimekuja kwa ajili ya lile jambo, mzee."

"Lile jambo limebaki zizini."

"Mzee, ng'ombe si hawa hapa?"

"Hawa wako safarini. Binti yangu hataombwa njiani, kama mtu anayeomba maji."

Nikatembea naye. Ndama mmoja akaja akaanza kulamba suruali yangu. Nikamsukuma, akarudi na mwenzake. Nikawa nazungumza na mkwe huku ndama wawili wananinyonya mguu.

"Umechelewa kwa nini?" akauliza mzee. "Pikipiki imekufa?"

Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa pancha. Ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nikakumbuka vile viganja, nikashindwa.

"Hapana, mzee. Nimechelewa kwa ajili ya neno."

"Neno gani?"

Basi nikamweleza! Mnaweza kuamini? Mara ya tatu asubuhi ile! Nikamweleza sona, na jinsi watu walivyoahidi huku wamekaa mpaka maana ikahama. Mzee alisikiliza kila kitu. Alipoona nimemaliza, akasimama kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo wazee wao walikuwa wakisema wanakuja, wanakuja."

"Ndiyo, mzee."

"Watoto wao wakasema wanakuja, hawakuja."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe unaijua habari hii miaka yote?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ile suruali yenye ndama.

"Mimi sijasoma," akasema. "Lakini ningejua jambo kama hilo, ningeamka mapema."

Akaondoka na ng'ombe wake. Asali hakuipokea, kwa sababu kuipokea ni kuanza mazungumzo. Nikarudi nayo kwa miguu, ile nusu iliyobaki.

Veronika alinisafishia miiba ya nyuki mguuni kwa sababu ni muuguzi na kazi ni kazi. Mimi nilitaka kumfunga vile viganja, akasema atajifunga mwenyewe. Kabla sijapanda pikipiki aliniambia maneno haya, na sijayasahau: "Wakirudi, mimi sitashika lango tena."

Miezi mitano, wapendwa. Miezi mitano nimekula majuto! Bibi zake walikuwa wanamwuliza kama huyo mwalimu yupo kweli au ni wa kwenye simu. Zahanati nilikuwa naenda, tunasalimiana, ananiuliza kama nina homa, nasema sina, ananiambia basi nimpishe mgonjwa.

Nilijitoa kwenye lile kundi la walimu. Mwalimu wa Historia, kwa taarifa yenu, hakuwahi kuusoma ujumbe wangu. Alisema ulikuwa mrefu.

Kila Jumamosi, miezi yote hiyo, nimekuja hapa bomani kabla ya jua, nikasimama kwenye zizi tupu. Hakuna aliyeniagiza. Yule mbwa ameshanizoea. Jumamosi ya tisa mama yake Veronika alinitolea kikombe cha maziwa. Jumamosi ya kumi na nne nilimkuta Veronika mwenyewe anafagia nje, saa ambayo hakuna mtu anayefagia.

"Umewahi," akasema.

"Nimewahi," nikasema. Nikaziba mdomo wangu hapohapo. Kumbe inawezekana!

Sasa mvua imeanza kunyesha. Jana kijana mmoja alitangulia kuleta habari kwamba wako njiani. Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye jiwe karibu na lango, asali mpya iko miguuni, mfuniko nimeufunga kwa kamba mara tatu. Bwana Afya amelala kwenye pikipiki yake, amejifunika koti. Tumefika tangu jana. Naandika kwa sababu nina muda, na kwa sababu nataka mwingine asipite nilipopita.

Basi nakuomba wewe uliye na mtu anayekungoja mahali: inuka. Hoja yako ni nzuri, najua. Una haki, najua. Aliyekubishia ni mjinga, hilo nalijua kuliko wote. Muache na ujinga wake, hatakufa. Ukishamwambia mtu unakuja, kuna mtu mahali fulani ameshika miiba.

Na ninyi wenzangu mnaopenda maneno, ningependa kuwaeleza kidogo kuhusu "anon", kwa sababu historia yake ni tamu kuliko hata ya "soon". Hapo mwanzo kabisa neno hili lilikuwa

Acha. Nasikia kengele za ng'ombe. Veronika ametoka nje.