Mwanya Nilioudhania Pengo

Nakumbuka siku moja niliyoziba mwanya wa gurudumu la meno, mwanangu, na kila nikikumbuka nakasirika upya. Nusu najikasirikia mwenyewe, nusu nakukasirikia wewe. Maana juzi nimekukuta hapa Kisauni unafunga gurudumu la meno sitini kwenye injini ya kuzunguka mara elfu tisa kwa dakika, na sensa ya kuhesabu meno umeishikiza kwa kibati cha mkebe. Nikakuuliza kwa nini, ukanijibu, "Mzee, meno mengi ndiyo bora, nimeona kwenye simu." Ebo! Simu ndiyo imekuwa mwalimu wako? Basi kaa hapa unisikilize, na hiyo simu iweke kando.

Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kwenye gereji ya marehemu Mzee Bakari kule Changamwe. Nilijua kufungua injini, nikadhani najua injini. Mteja wetu mmoja alikuwa Bi Zuhura wa Mtongwe, mwanamke wa kushindana kwa magari, na wallahi wanaume aliwalisha vumbi. Lakini kaka zake walikuwa wamechoshwa na gharama za gari linalolala gereji. Walimwambia wazi: Jumapili hii gari lisipoingia mashindanoni, linauzwa. Gari lilikuwa la marehemu baba yao, na yeye hakuwa na jingine.

Ijumaa Mzee Bakari akaitwa mazikoni Kwale. Akaniachia gurudumu jipya la kufunga kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Pembeni ya gurudumu hukaa sensa, nayo kazi yake ni kuhesabu meno yakipita, ili kompyuta ya gari ijue pistoni iko wapi na moto wa plagi utoke wakati gani. Nikalitazama gurudumu: meno thelathini na matano, na mahali pa la thelathini na sita patupu. Nikacheka peke yangu. Masikini Mzee, kauziwa kitu kibovu! Nikakata kipande cha chuma, nikachomelea pale, nikasawazisha kwa tupa hata usingejua. Nilivyojisifu! Akili nyingi huondoa maarifa.

Jumamosi nikawasha. Injini ikazunguka, isishike. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha plagi, nikaitukana kompyuta. Kila kitu nilikilaumu isipokuwa mkono wangu. Jumapili asubuhi Bi Zuhura akaja amevaa tayari kwa mashindano, na mpaka adhuhuri injini haikukohoa hata mara moja. Wenziwe wakaanza bila yeye. Mzee Bakari aliporudi alasiri, alipitisha kidole kwenye yale meno, kikasita.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi, Mzee. Palikuwa na pengo."

"Pengo!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Akamgeukia Bi Zuhura, aliyekuwa amekaa juu ya tairi analia. "Mwanangu, niwie radhi. Hebu mwonyeshe meno yako." Bi Zuhura, machozi yanamtiririka, akafunua mdomo. Mbele palikuwa na mwanya wake, ule uliosifiwa Mtongwe nzima.

"Na huu je? Mchomelee basi! Kuna pengo na kuna mwanya, we kijana. Pengo ni jino lililong'oka. Mwanya umewekwa na aliyeumba. Pale patupu ndipo kompyuta inapojua mzunguko umeanza. Wewe umepaziba, nayo imepotea."

Wiki ile ile gari likauzwa. Bi Zuhura hakushindana tena. Mpaka leo tukikutana siku ya Idi hunitania, "Fundi, umeziba mingine?" Nami hucheka kwa heshima, lakini moyo huniuma.

Sasa sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Usichague gurudumu kwa wingi wa meno! Uliza kwanza kompyuta imepangiwa meno mangapi na mwanya upi. Uliza sensa yako inaweza kuhesabu kwa kasi gani, maana injini ikikimbia sana, sensa isiyoweza itaruka hesabu, moto utoke si wakati wake, na pistoni zitoboke. Chagua gurudumu la chuma lisiloyumba, ulifunge kwenye krenki yenyewe, si kwenye ukingo wa puli ya mkanda yenye mpira katikati. Mpira huo huteleza ukakudanganya. Na sensa ishikwe na chuma kinene kilichofungwa kwenye mwili wa injini. Kibati kikitetemeka, sensa nayo hutetemeka, na hapo hesabu imekwisha. Tena ukiona kazi ya mtu ina upungufu, kabla hujauziba, uliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi sikuuliza, na aliyeumia hakuwa mimi.

Haya, inuka ukafungue kile kibati, mwenye gari hajafika bado. Mola akupe mkono wa kazi na jicho la kutambua mwanya, na asikae mtu juu ya tairi akalia kwa sababu yako. Amin.