Kisiagi cha Simiyu

Jirani yangu wa juu, mwigizaji wa tamthilia za nyimbo, hafanyi mazoezi mpaka kisiagi cha unga kianze kunguruma pale chini. Hapo hupanda juu ya paa la fleti yetu ya mtaa wa Huruma, akasogeza shuka za watu kwenye kamba, akabana mbavu kwa viganja na kuachilia sauti. Mimi nikianika nguo namwona mdomo ukisogea tu, sauti siisikii. Siku hizi jukwaani hupewa nafasi ya nyanya anayekufa kabla ya mapumziko. Jumamosi anakwenda kujaribiwa kwa nafasi ya malkia, yeye na wasichana wa rika la bintiye.

Jana Simiyu, mwenye kisiagi, alimhurumia. Alizima mashine, akatoka nje mweupe kwa unga, akaita, “Mama, nimezima! Imba sasa tukusikie!” Foleni nzima ya wateja ikatazama juu. Yeye akafunga mdomo, akainama ukingoni.

“Kule jukwaani nani ataninyamazishia watu? Washa!”

Simiyu akarudi ndani akicheka. Mashine ikanguruma, naye jirani yangu akauanza wimbo upya, shingo imemtoka mishipa. Punde Simiyu akatoka tena, taratibu, akatazama juu. Nyuma yake mashine ilikuwa bado inasaga, lakini wimbo ulisikika.