Mafua Yaliyostahili Kochi

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni mwanaume anayejua kuugua. Akipata mafua, mtaa mzima hujua. Msimu ule wa baridi, vumbi la Likasi lilikuwa limetukausha koo sote, lakini aliyestahili kochi ni yeye. Alitoka kiwandani akitetemeka, akajitandaza sebuleni kama chifu, na mama yake akahamia pale kumfukiza majani ya mkaratusi na kumchemshia kuku aliyeagizwa kutoka kijijini Kapolowe. Wageni wakaja na sukari na mkate. Aliwapokea kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, na siku chache baadaye alikuwa barabarani akibishana habari za mpira.

Bukari, ugali wa wageni wale, ilipikwa na mdogo wangu, mimba yake ya miezi saba ikigonga meza kila alipogeuka. Bila shaka mafua yakamhamia. Na hapo, ajabu ya watu wale, hayakuwa mafua tena. Akikohoa, ni mimba. Akichemka mwili, ni mimba, mtoto anamsumbua. Pumzi ikimkatika akitoka bombani na ndoo, ni mimba pia, tumbo linasukuma.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, kwa sababu akilala hapati hewa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kochi lilikuwa tupu. Mama mkwe wake alikuwa ameanika juu yake shati la kazi la mwanawe.

"Huyu anaenda ku lopitalo," nikasema.

"Mimba haiko bugonjwa, mama," mama mkwe akanijibu, mikono ikiendelea kuchambua mboga za lengalenga. "Minye nilizala batoto bote bale, sikulalaka hata siku moya."

Shemeji naye akaingilia, akiniita dada kama mkewe anavyoniita, kwa upole wa mtu mwenye uzoefu. "Yaya, ile gripe nilikuwa nayo minye. Inapitaka. Nilikuwa mugonjwa kumupita yeye."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikasimamisha teksi, nikamwingiza mdogo wangu, nao wakafuata nyuma wakinung'unika kwamba ninapenda makuu.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwekea oksijeni kwanza, ndipo akatoka kutueleza. Alisema homoni za kike zinaingia hata katika vita vya mwili na mafua. Kwa mwanamke asiye na mimba, mara nyingi zinaifanya kinga iwe kali. Mimba ikikua, homoni hizo hupanda sana na kinga hubadili mwendo wake, ili isimshambulie mtoto. Na mapafu nayo yamekwisha kubanwa na tumbo. Ndiyo maana virusi vile vile vinavyomlaza mwanaume siku mbili tatu vinaweza kumwangusha mjamzito.

"Mwenye mimba akipata gripe, munamuleta palepale," akamalizia.

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa ushindi. "Shi nilisema? Iko mimba."

Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote, na bado namdharau. Alikuwa ameshika mkononi sababu yenyewe ya kukimbilia hospitali, akaifanya sababu ya kukaa nyumbani.

Mdogo wangu alipona. Mtoto alizaliwa palepale hospitalini kabla ya wakati wake, akapumua kidogo, akaacha.

Tuliporudi nyumbani, wageni wakaja tena na sukari. Shemeji alikuwa amekwisha kukaa kwenye kochi, kichwa mikononi, akipokea pole baada ya pole. Mama yake aliwaeleza watu kwamba ni gripe, gripe mbaya sana, ndiyo iliyomchukua mjukuu wake. Kumbe jina la mafua yale alikuwa analijua. Mdogo wangu walikuwa wamemketisha mkekani pamoja na wanawake, maziwa yakimlowanisha blauzi.

"Yaya, unisimamishe," akaniambia.

Nikamshika. Akavuka sebule polepole, akasimama mbele ya mumewe.

"Toka apa," akamwambia. "Minye njo nilikuwa mugonjwa."

Shemeji akamtazama mama yake, kisha akatoka. Mdogo wangu akalala, akanyoosha miguu mpaka mwisho wa kochi, na sukari ile wakaja kumwekea yeye.