Niliomba Kazi ya Saluni Nikiwa na Mvi

Nilipoomba kazi ya saluni kwa mara ya kwanza nilikuwa na mvi, wajukuu, na magoti yanayouma. Simwombi mtu radhi. Shule niliishia darasa la tatu, na umri wangu wote niliumalizia kwenye tumbaku kule Ipole, kwanza ya baba, halafu ya mume. Mume alipofariki, shemeji yangu akasema nihamie uani kwake nifanye kazi kwenye tumbaku yake. Nikamwambia naenda Tabora mjini kutafuta kazi yangu mwenyewe. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nenda, shemeji. Mvua zikianza nakuja kukuchukua."

Nikapanga chumba mtaa wa Ng'ambo. Ukiacha tumbaku, nilichokijua ni kusuka. Kijijini hakuna bibi harusi aliyetoka bila kupita mikononi mwangu. Basi nikaanza kuzunguka saluni hadi saluni.

Siku hizi mabinti huniuliza, kazi ya saluni inaombwaje? Nawaambia: nenda asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Kichwa chako mwenyewe kiwe kimesukwa, maana hicho ndicho watakachokitazama kwanza. Sema unachokijua, na usichokijua kiseme pia, usije ukaunguza watu kwa dawa. Mimi niliyafanya hayo yote na bado wakanikataa.

Tena walinikataa kwa adabu. Wangenitukana ningejua la kuwajibu. "Shikamoo mama, karibu ukae, unasuka nini leo?" Nikisema nataka kazi, wanatazamana, wananiletea maji ya kunywa, wananisindikiza mpaka barabarani.

Saluni ya mwisho ilikuwa ya binti mmoja mwenye maneno ya wazi. Wasusi wake walikuwa wadogo kuliko yeye, na wateja wamejaa.

"Mama, nikwambie ukweli," akasema. "Mama yangu mzazi yuko Puge, makamo yako hayohayo. Nitakutumaje wewe? Nikisema lete maji, nimemtuma mama. Nikisema umekosea, fumua, nimemgombeza mama. Na hawa wateja wanakuja hapa kuwasema waume zao. Wewe ukikaa hapo watanyamaza kama wako msibani."

Nikatazama. Kweli walikuwa kimya tangu niingie. Mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alikuwa anavuta kanga afunike magoti kwa ajili yangu. Nje wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Sikonge, kwetu, na nilijua nani anakuja nalo. Hasira ikanipanda. Heshima niliyoihangaikia miaka yote leo inanifungia mlango?

"Nani kakwambia mimi ni mama yako?" nikamwuliza.

"Samahani, mama, sikuwa na..."

"Mama yako si umesema yuko Puge? Mimi ni bibi yako. Na babu yako hana hata mwaka kaburini, wewe umeshapaka wanja wa kumtafuta mwingine! Mke mwenza gani anamnyima mwenzake pa kukaa?"

Kwetu mama anaogopwa, bibi anataniwa. Mjukuu atamwita bibi yake mke mwenza, atamwambia kazeeka vibaya, na hakuna kikao kitakachoitishwa kwa sababu hiyo. Yule binti alijua hivyo kama ninavyojua mimi. Akaziba mdomo. Wa nusu kichwa ndiye aliyeanza kucheka.

"Mnh! Bibi huyu moto!"

Mwenye saluni akapata sauti. "Kwani huyo babu alikuwa na nini cha kugombea? Hata meno hana!"

"Meno ya nini? Ulitaka akutafune?"

Saluni nzima ikalipuka. Kanga ikaachiwa magotini. Mwenye saluni akafuta machozi, akanirushia ufagio.

"Haya, kizee, fagia hizo nywele, halafu umalizie kichwa cha huyu. Ukikivuruga utakifumua wewe mwenyewe."

Nikafagia. Misuko ya twende kilioni na ya uzi niliijua, rasta sikuzijua, nikamwambia hivyohivyo. Nilifumua sana wiki zile, nao wakinicheka bila kuniogopa.

Mvua zikaja na shemeji akaja, na matope yake mpaka magotini. Akasimama mlangoni, wanawake wote wakamgeukia. Mimi niko kwenye kiti, mteja chini katikati ya magoti yangu.

"Shemeji, hujachoka tu na mambo haya ya watoto? Twende nyumbani."

"Kwangu ni hapo nyuma ya msikiti. Karibu chai jioni."

"Na tumbaku nani ataifunga?"

"Mikono unayo miwili," nikamwambia. "Niliiona miaka yote nikikunawisha."

Akatafuta wa kumsaidia kunishawishi, akamtupia macho mwenye saluni, na yule alikuwa ameshageuka, ananiambia nikaze mkono, msuko wa nyuma unalegea.