Kutoka Mutshatsha Kwenda Kudai Unga wa Mapasa

Mimi nikiogopa hucheka. Watu wa Mutshatsha wanalijua hilo, na padri aliwahi kunitoa kanisani kwa ajili ya kicheko hicho. Basi msishangae mkinisikia nacheka katika safari hii, maana tangu mwanzo hadi mwisho niliogopa sana.

Sababu ya kuondoka ni hii. Nina mabinti wawili mapacha, Mbuyi na Kabanga, wenye miaka minane. Kwetu ukizaa mapacha unapoteza jina lako. Mimi naitwa Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, na baba yao, karani wa stoo katika kampuni ya migodi kule Kapata, Kolwezi, anaitwa Tata Mapasa. Tuliachana kwa sababu ya mdomo: yeye anasema mdomo wangu, mimi nasema mdomo wa mama yake. Hata hivyo kila mwezi alinitumia unga wa posho ya kampuni, kwani posho ilipimwa kwa idadi ya watoto walioandikwa katika kitabu cha mfanyakazi. Kisha kampuni ikaanguka, posho ikakatika, na unga wangu ukakatika nayo.

Halafu ukaja mwaka wa kufukuza watu. Babu yake Tata Mapasa aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na sasa Wakasai wote wa Kolwezi waliambiwa warudi kwao. Fundi mmoja wa reli akaniletea habari kwamba Tata Mapasa amehamia stesheni na virago vyake, anangoja treni, na ndugu zake wanasema mapacha ni wa ukoo wa baba, lazima waondoke nao. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoweza kusimama nilikuwa nimekata shauri: nitafika mahakamani kabla treni haijafika stesheni. Watoto wabaki kwangu, na baba yao aseme mbele ya hakimu watakula nini.

Jumatatu alfajiri tulidandia behewa la makaa, mimi na watoto, kwa huruma ya fundi yule yule. Tulikaa juu ya magunia siku nzima. Treni ilisimama kila ilipojisikia kusimama, na kila iliposimama mapacha waliniuliza kama tumefika. Walipogundua kwamba wamekuwa weusi usoni kwa vumbi la makaa walichekana hadi wakapata kwikwi, nami nikajiunga nao, mama mzima.

Jioni, stesheni ya Kolwezi. Hapo kicheko kiliniishia. Uwanja wote ulikuwa watu: magodoro, masufuria, milango iliyong'olewa kwenye bawaba, wazee wameketi juu ya vitanda vyao kana kwamba wako chumbani. Wengi walikuwa majirani zangu wa zamani wa Kapata. Wengine walinisalimia kwa jina, na niliona aibu, kwa kuwa mimi nilikuwa na mahali pa kurudi. Niliwafunika watoto kwa kitenge, ndugu za baba yao wasiwaone, tukapita haraka.

Tulilala mtaa wa Dilala, kwa binamu yangu mkubwa, Yaya Georgette (yaya kwetu ni dada mkubwa), mwanamke asiyeweza kumwacha mtu atoke nyumbani bila kupigwa pasi.

Jumanne asubuhi nilikwenda mahakamani peke yangu. Karani alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia ofisi haina karatasi, nikanunue. Nilirudi na mbili.

"Sasa mama, usilie kwanza," alisema.

"Silie, tata. Hii njo kucheka kwangu."

Alinitazama kidogo, kisha akanieleza kazi ilivyo. Kwanza hakimu ataamua watoto wanakaa na nani. Asiyekaa nao atatoa matunzo, na matunzo hayatoki kichwani kwa mama wala mfukoni kwa baba peke yake. Huangaliwa mahitaji ya mtoto: chakula, shule, dawa, mahali pa kulala. Kisha huangaliwa baba ana nini kweli. Akaniambia nitaje yote. Nikataja unga, mafuta, sabuni, daftari, dawa ya malaria ya Kabanga, viatu.

"Uko unaomba feza ngapi?"

Nilitaja kiasi. Alitikisa kichwa. "Ile feza, mwezi wa kuya itanunua kiberiti tu. Omba kintu yenye kuliwa." Akaandika: unga. Kwa kuwa mdaiwa alikuwa mbioni kusafiri, alitupangia kesho yake, na tarishi akapeleka wito stesheni.

Jumatano, Yaya Georgette aliamka mapema kutuharibia kesi. Kwetu Katanga mtu haendi mbele ya mkubwa akiwa mchafu, hata kama anakwenda kulia njaa. Aliazima mtaa mzima: gauni za komunyo kwa mapacha, viatu vyeupe, riboni, na kwangu vitenge vya mke wa mwalimu pamoja na mkufu wake. Tulipakwa mafuta mpaka tukang'aa. Sikuwaza hata mara moja kwamba ni kosa. Nilijiona mrembo, nikatembea kwa madaha hadi mlangoni.

Hakimu alisoma ombi langu, akatutazama kuanzia riboni hadi viatu.

"Mama, aba batoto banakosa nini?"

Nilianza kucheka, na kila nilipojizuia nilizidi. Wakati huo Kabanga, aliyekuwa akining'iniza miguu kwenye benchi, aliangusha kiatu. Kiatu kilikuwa cha msichana mkubwa. Kilibingirika na kutapika magazeti tuliyoyashindilia ndani ili kikae.

"Kiatu ni ya nani?" hakimu aliuliza.

"Ya jirani, mukubwa," nilisema. "Na gauni. Na mukufu. Yangu ni batoto tu."

Hakimu akamgeukia Tata Mapasa, aliyekuwa amesimama upande wa pili kwa suti nyeusi na tai, amenyooka kama bwana harusi.

"Na weye unasema hauna kintu. Na hii kostime?"

Tata Mapasa aliinamisha kichwa. "Ya jirani, mukubwa. Ananingoya kule stesheni na kaputula."

Hata karani alivua miwani akafuta macho. Mimi na Tata Mapasa tulitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu tuachane tulicheka pamoja.

Kisha hakimu alitafuta njia fupi. Alisema watoto ni wawili na wazazi ni wawili, kila mmoja achukue wake, na hakuna wa kumdai mwenzake.

"Hapana," tulisema sote wawili kwa pamoja.

"Ni mapasa, mukubwa," Tata Mapasa aliongeza. "Hatuwezi kubatenganisha. Hata sukari, ukipatia mumoya, unapatia na mwingine."

"Basi ukienda nabo bote, utabalalisha wapi?" hakimu alimuuliza.

Baba yake mdogo aliyekaa nyuma alitaka kusema, akanyamazishwa.

"Siyue," Tata Mapasa alisema mwishowe. "Mi nilizaliwa Kapata. Kasai siyaiona na macho. Babaki na mama yabo."

Nilitaka kucheka, lakini machozi yaliwahi.

Hakimu aliandika kwamba watoto wakae nami, na baba aandikiwe haki ya kuwatembelea na kuwapokea njia zikifunguka. Kuhusu matunzo aliuliza mwanamume ana nini mkononi. Alikuwa na godoro, sufuria mbili na baiskeli. Hakimu akaamua baiskeli iwe yangu siku hiyo hiyo, nibebee mihogo kwenda sokoni; na baba akipata kazi atoe kila mwezi meka sita za unga kwa kila mtoto, au bei yake ya siku hiyo. Meka ni lile bakuli la kupimia unga sokoni. Thamani ya noti ilibadilika kila wiki, lakini meka ilibaki meka.

Tata Mapasa aliinua mkono kama mwanafunzi. Alitaka nakala yake. Karani akamwambia karatasi zimekwisha. Alitoka na suti yake ya kuazima, akarudi na karatasi aliyoinunua, akasimama pale hadi iliponakiliwa yote na kupigwa mhuri.

Alhamisi tulikwenda stesheni kuchukua baiskeli. Nilimwambia sijui kuendesha. Akavua shati, akaniweka juu ya tandiko, akaanza kukimbia nyuma yangu akinishika.

"Tazama mbele. Usitazame gurudumu."

Nilitazama gurudumu. Tuliingia katikati ya godoro la bibi mmoja aliyekuwa amelala.

"Mama, hii ni kitanda," bibi alisema. "Zunguka."

Nikazunguka. Watu waliokuwa wakingoja treni kwa majuma walisimama kutazama, wakapiga makofi, mapacha wakakimbia pembeni wakipiga vigelegele, na katika mzunguko wa nne niligundua kwamba Tata Mapasa hanishiki tena. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipiga kelele kama msichana, pale, mbele ya watu waliopoteza nyumba zao, na wao walifurahi nami.

Treni yao ilifika mchana. Aliwabeba watoto wote wawili kwa pamoja, kisha akawashusha kwa pamoja. Nilimuuliza kwa nini alitaka ile nakala, wakati kila mwanamume ninayemjua hukimbia karatasi ya namna hiyo.

"Makaratasi yote ya huku inasema mi si wa hapa," alisema. "Hii moya inasema niko na batoto hapa, na banapashwa kula kwa mukono yangu." Akaiweka ndani ya shati, akapanda.

Ijumaa tulirudi Mutshatsha, baiskeli imelazwa juu ya magunia matupu, watoto wamelala juu yangu.

Safari ilinifundisha mambo machache. Ukienda kudai matunzo, nenda na nguo zako mwenyewe. Taja mtoto anakula nini, siyo umekasirika kiasi gani. Dai kitu kisichooza mfukoni. Na hili la mwisho nawaambia wanawake wanaokuja kwangu kuuliza njia: msiende mkidhani mnamnyang'anya mtu. Nilimwona mwanamume amefukuzwa alikozaliwa, mfukoni ana noti za kutosha kununua karatasi moja tu, akazitoa ili apate mahali palipoandikwa kwamba anadaiwa.