Siku Mtaa Ulipojificha

Felisita ni fundi cherehani, tena mjumbe wa nyumba kumi, kwenye mtaa mmoja wa Biharamulo mjini unaoshuka kwenda sokoni. Polio ilimnyima miguu tangu ana miaka minne. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, anaizungusha kwa mikono, na kibanda chake cha kushonea kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yake.

Kwa habari ya wageni hana mchezo. Mama yake alimlea hivyo: mgeni akija, ufagio utangulie. Basi aliposikia wataalamu wanakuja kuikagua barabara kabla ya kutiwa lami, alipita nyumba kwa nyumba akiamrisha. Jirani yake Ndassa afiche mkokoteni wake na ng'ombe wake. Wauza ndizi wakauzie uani. Watoto wasizurure. Watu wakatii, na kwa siku mbili mtaa ukang'aa, magari na pikipiki tu. Felisita mwenyewe alikaa nyuma ya mlango, maana ile baiskeli yake iliyofungwafungwa kamba aliiona ni aibu ya mtaa.

Miezi minne baadaye mchoro ulibandikwa ofisi ya kata. Barabara pana, mtaro wa kufika kiunoni kila upande, njia ya waenda kwa miguu hakuna. Pa kuvukia ni kule juu stendi, kwenye mlima ambao mikono yake haiuwezi. Kibanda ndiyo kwaheri.

"Serikari haituoni, mama," Ndassa akanung'unika.

Felisita alijua vingine. Serikali ilikuja kuwaona, aliyewaficha ni yeye. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake alikwenda kwa Anold, mhandisi kijana aliyechora.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetusahau?"

Anold akafunua karatasi. "Vijana wangu walihesabu siku mbili, mama. Waenda kwa miguu kumi na mmoja. Mikokoteni hakuna."

Felisita angeweza kunyamaza, akaondoka na heshima yake ya ujumbe. "Niliwafungia ndani mimi," akasema. "Nilitaka mkute mtaa wenye adabu."

Anold alicheka, kisha akaacha kucheka. Mchoro ulikuwa haujasainiwa. Akaahidi kuja Alhamisi ahesabu mwenyewe.

Jumatano Felisita alirudi nyumba kwa nyumba, na safari hii kazi ilikuwa ngumu zaidi.

"Tusifagie?" watu wakashangaa.

"Msifagie. Tokeni kama mlivyo."

"Na ng'ombe wakinya mbele ya mgeni?" Ndassa akauliza.

"Wanye, Ndassa. Nao wahesabiwe."

Alhamisi asubuhi alitoka wa kwanza, kamba zake zikining'inia. Anold alikuwa kwenye kibaraza cha duka, karatasi gotini: magari, pikipiki, baiskeli, waenda kwa miguu. Akamtazama, akaitazama karatasi.

"Samahani, mama. Wewe nikuweke safu ipi?"

Felisita akafunga breki. Miaka hamsini watu walimweka pembeni, na mara ya mwisho alijiweka mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma.

"Chora nyingine," akasema. "Nami nikuone ukiandika."

Nyuma yake mkokoteni wa Ndassa ulikuwa umeshasimama, na wauza ndizi na beseni zao kichwani. Hakusogea. Alingoja mpaka kalamu ilipomaliza, ndipo akaachia breki, akashuka sokoni.