Sahani ya Idi ya Jirani

Kila Idi, mtaani kwao Port Louis, jirani, mama Mhindu, huonja biriani ya Nurina akiwa angali kwenye ukuta unaotenganisha nyua zao, kwa vidole vyenye madoa ya manjano, kisha hukunja pua. “Binti, zafarani umeitia au umekionyesha chungu tu?” Siku ya Divali naye huleta visambusa vyake vya viazi vitamu, vimeungua pembeni, na ole wake asiyevisifu. Mwaka huu Nurina alichoka kusimangwa, akaapa hampelekei kitu. Alasiri alichungulia ng’ambo ya ukuta: mama yule kavaa sari mpya, jiko kazima, mezani sahani tupu na kijiko. “Mnachelewa!” mama alimfokea. “Mnataka nishinde njaa sikukuu yetu?” Nurina alisonya, akaenda kumpakulia lile paja la kuku alilomwekea tangu asubuhi.